Namna ya Kujua Anachojifunza Mtoto Katika Shule ya Msingi ya Kimataifa Nchini Uganda

Mzazi aliyesoma shule za kawaida za Uganda, au za Kenya na Tanzania, anapopokea ripoti ya kwanza ya mtoto wake kutoka shule ya kimataifa huigeuza mbele na nyuma akitafuta jambo moja: mtoto amekuwa wa ngapi. Hilo halimo. Anakuta kurasa kadhaa za maelezo, kwamba mtoto ameanza kueleza sababu za majibu yake, kwamba ana udadisi, kwamba anashirikiana vizuri na wenzake, na mwishowe anaifunga ripoti bila kujua kama karo aliyolipa, ambayo mara nyingi hutajwa kwa dola, imenunua elimu au imenunua maneno matamu. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mzazi huyo, kwa kuwa nami niliwahi kukaa kwenye kiti chake.

Neno "kimataifa" lililochorwa langoni halielezi kinachofundishwa ndani. Linaweza kuwa na maana ya mtaala wa Uingereza, wa Cambridge, mpango wa IB (International Baccalaureate), mtaala unaoitwa IPC (International Primary Curriculum), au mchanganyiko wa hiyo miwili au mitatu. Tena zipo shule ambazo mtaala wake ni uleule wa Uganda, ila sare imependeza zaidi. Kwa hiyo, unapokwenda kuitembelea shule, iwe Kansanga, Bukoto, Bugolobi au Lubowa, mitaa ya Kampala na viunga vyake, usianze na bwawa la kuogelea.

Anza na jina la mtaala

Uliza mtaala unaofuatwa unaitwaje, na usiridhike na jibu la "tunafuata mfumo wa Uingereza", kwa kuwa jibu hilo lina vyumba vingi ndani yake.

Mtaala wa taifa wa Uingereza, katika toleo lililoanza kutumika mwaka 2014, huigawa elimu ya msingi katika vipindi viwili. Kipindi cha kwanza ni Year 1 na Year 2, yaani mtoto wa miaka 5 hadi 7. Cha pili ni Year 3 hadi Year 6, miaka 7 hadi 11. Masomo makuu ni Kiingereza, hesabu na sayansi, na kando yake kuna historia, jiografia, sanaa, muziki, ubunifu na ufundi, kompyuta, michezo, na lugha ya kigeni kuanzia Year 3. Uzuri wa mtaala huu kwa mzazi ni kwamba umeandikwa waziwazi: kila mwaka una orodha ya mambo ambayo mtoto anapaswa kuyaweza katika hesabu, na orodha hiyo inapatikana bure kwenye intaneti.

Cambridge Primary ni jambo jingine, ingawa mwenendo wake unafanana na huo. Una hatua 6 kwa watoto wa miaka 5 hadi 11, na mwishoni mwa hatua ya 6 shule inaweza kuwafanyisha watoto mtihani wa Checkpoint katika Kiingereza, hesabu na sayansi. Mpango wa IB wa miaka ya msingi, maarufu kwa jina la PYP, ulianzishwa mwaka 1997 na huchukua watoto wa miaka 3 hadi 12. Huo haujengwi juu ya orodha ya masomo bali juu ya mada 6 zinazorudiwa kila mwaka kwa undani zaidi: sisi ni nani, tuko wapi katika mahali na wakati, tunajieleza vipi, dunia inafanyaje kazi, tunajipanga vipi, na namna ya kuishi pamoja kwenye sayari moja. Katika mwaka wa mwisho watoto huchagua tatizo moja, hulichunguza kwa wiki kadhaa, kisha huwaeleza wazazi na shule nzima walichokipata.

Wa mwisho ni IPC, mtaala ulioanza kutumika mwaka 2000. Huu nao hufuata mada, ila umepangwa kwa vituo vitatu: miaka 5 hadi 7, 7 hadi 9, na 9 hadi 11. Hapa ndipo wazazi wengi hujikwaa. Mada za IPC hubeba sayansi, historia, jiografia, sanaa, muziki na mengineyo, lakini hazikusudiwi kumfundisha mtoto Kiingereza na hesabu hatua kwa hatua. Shule inayoutumia hulazimika kuyachukua masomo hayo mawili kutoka kwingine, na nyingi huyachukua kwenye mtaala wa Uingereza. Kwa hiyo ukiambiwa "sisi ni IPC", swali lako la pili liwe: hesabu na Kiingereza mnavitoa wapi, na ni nani anayehakikisha kwamba havirukwi? Mwalimu mkuu anayeifahamu kazi yake atakujibu kwa sentensi mbili, lakini anayeanza kukueleza habari za raia wa dunia wa karne ya 21 amekwisha kukujibu.

IB na Cambridge wana orodha za shule walizozisajili, na mtu yeyote anaweza kutafuta jina la shule humo. Dakika tano za kutafuta zinakutosha.

Linganisha umri, si majina ya madarasa

Wazazi wengi hudhani kwamba Year 3 ni sawa na P.3, yaani darasa la tatu la msingi la Uganda. Si sawa. Year 1 huchukua mtoto aliyetimiza miaka 5 kabla ya mwezi Septemba, wakati P.1 ya Uganda imekusudiwa mtoto wa miaka 6. Kwa umri, Year 2 ndiyo inayokaa karibu na P.1, na mtoto wa Year 6 ana umri wa mwenzake wa P.5. Juu ya hilo, mwaka wa shule za kimataifa huanza mwishoni mwa Agosti au Septemba na kwisha Juni au Julai, ilhali wa Uganda huanza karibu na Februari na kufungwa kuelekea Desemba. Mtoto anayemaliza P.3 mwezi Desemba hufika katika shule mpya mwezi Januari na kuwakuta wenzake katikati ya mwaka. Mzazi anayesikia kwamba mwanawe ametolewa P.4 na kupelekwa Year 4 asidhani kwamba amebaki palepale, maana kwa umri yawezekana amerudishwa mwaka mmoja nyuma.

Fungua daftari

Mtaala ulioandikwa ni ahadi, na ahadi huthibitishwa kwenye daftari la mtoto. Omba kuona madaftari ya mtoto yeyote wa darasa unalolitaka, jina likiwa limefunikwa: ukurasa wa Septemba na ukurasa wa Machi wa mtoto yuleyule. Ukikuta kwamba sentensi za Machi zina urefu uleule na makosa yaleyale ya Septemba, basi kuta zilizopambwa kwa picha zisikubabaishe. Hapa chini nitaeleza unachopaswa kukitafuta humo, nikikaa zaidi kwenye kusoma na hesabu, kwa sababu hayo mawili yakienda kombo mengine yote yanakosa pa kusimama.

Katika kusoma, mtoto wa Year 1 hafundishwi kwanza majina ya herufi bali sauti zake. Kwa msemaji wa Kiswahili jambo hili linahitaji subira. Kwetu herufi "a" ina sauti moja tu, iwe katika "baba", "kalamu" au "asali", na mtoto akizishika silabi husoma neno lolote utakalomwandikia. Kiingereza hakina heshima hiyo. "A" ya neno cat si ile ya cake, wala si ile ya car, na lugha nzima ina sauti zipatazo 44 zinazogawana herufi 26. Mtoto aliyezoea kusoma Kiswahili nyumbani hutamka cake kama "kake", na hilo si dalili ya uzito wa kichwa. Ametumia kanuni sahihi kwenye lugha isiyoifuata. Mwambie mwalimu kwamba mtoto anasoma Kiswahili. Mwalimu mwenye ujuzi ataelewa mara moja makosa yanatoka wapi.

Katika shule za Uingereza, mwishoni mwa Year 1 kuna kipimo kifupi cha maneno 40, na nusu yake ni maneno yasiyo na maana yoyote, yaliyotungwa makusudi. Baadhi ya shule za huku nazo hukitumia. Mimi sikuwa nimeambiwa. Binti yangu alileta nyumbani karatasi yenye maneno kama "vap" na "osk", nami, kwa uhakika wote wa mtu aliyekuwa akishika nafasi za juu darasani enzi zake, nikamwambia kwamba mwalimu amekosea, kwamba maneno hayo hayapo, asiyasome. Jioni tatu nzima mtoto alikataa kuyagusa. Ilinibidi niende shuleni nikaelezwe, mbele ya mzazi mwingine, kwamba neno lisilo na maana ndilo linaloonyesha kama mtoto anasoma herufi zilizo mbele yake au anakisia kwa kukumbuka sura ya neno. Hoja hiyo sina namna ya kuipinga, ila wangeweza kutuandikia mistari miwili mapema.

Katika hesabu, usishtuke ukiona mwanao anafanya 47 + 36 bila kuzipanga namba kwa wima. Anazivunja: 40 na 30 ni 70, 7 na 6 ni 13, jumla 83. Baadaye, kwa kuzidisha 23 × 14, huchora mstatili wenye vyumba vinne, akaandika 20 na 3 juu, 10 na 4 ubavuni, kisha akajaza: 200, 30, 80, 12. Ukivijumlisha unapata 322. Njia hii ni ndefu kuliko ile tuliyofundishwa, na mzazi mwenye haraka huwahi kumwonyesha mtoto njia ya mkato. Ningekuomba usubiri. Mtoto anayejaza vyumba vinne anaona kwamba ile 1 ya 14 ni kumi, jambo ambalo wengi wetu tulilifanya kwa miaka bila kuliona, tukiacha nafasi upande wa kulia kwa sababu tu mwalimu alisema tuiache. Njia ya wima huja, kwa kawaida katika madarasa ya juu ya msingi, na ikifika humkuta mtoto anajua kinachotendeka ndani yake.

Hilo halina maana kwamba mtoto hapaswi kukariri. Mtaala wa Uingereza unamtaka mwanafunzi awe anazijua jedwali za kuzidisha hadi 12 × 12 mwishoni mwa Year 4, na huko kwao kuna kipimo cha maswali 25, kila moja likiwa na sekunde 6 za kujibu. Shule za nje ya Uingereza hazilazimiki kukitumia, na kwa maoni yangu hapa ndipo nyingi hulegea. Kama mwanao yuko Year 5 na bado anahesabu vidole kupata 7 × 8, usingoje kikao cha wazazi. Jedwali hufundishika nyumbani, kwenye foleni ya magari ya asubuhi, bila kitabu.

Jambo lingine la hesabu litakalokugusa ni saa. Mtoto wa Year 1 hujifunza saa kamili na nusu saa; wa Year 2 husoma hadi dakika tano tano. Shuleni anaambiwa kwamba masomo huanza saa nane za Kiingereza, akirudi nyumbani mama anamwambia kwamba shule huanza saa mbili, na hata yaya anayezungumza Kiganda naye husema saa mbili, kwa sababu Kiganda huhesabu kama Kiswahili. Mtoto hukonda kwa mashaka. Dawa yake ni rahisi na inafurahisha: mkalishe mbele ya saa ya ukutani, mwonyeshe mkono mfupi ulio kwenye 8, kisha mwambie aangalie namba inayotazamana nayo upande wa pili. Ataona 2. Ulio kwenye 7 unatazamana na 1, ulio kwenye 12 unatazamana na 6. Tofauti ni saa sita daima, kwa kuwa sisi huanza kuhesabu jua linapochomoza na wao huanza usiku wa manane. Nimeona watoto wakiigeuza kuwa mchezo, na baada ya wiki moja wanasoma saa zote mbili kuliko wazazi wao.

Mwangalie pia anahesabu fedha gani. Vitabu vingi vimechapishwa Uingereza na vimejaa peni na pauni. Daftari lenye sarafu za shilingi 100, 200 na 500 na noti ya 5,000 linakuonyesha kwamba mwalimu ameutafsiri mtaala kwa ajili ya watoto waliokaa mbele yake.

Sasa mada, ambazo ndizo huwatia wazazi wasiwasi kuliko vyote, kwa kuwa kwenye ratiba ya mtoto huoni tena "sayansi" na "jiografia" bali unaona neno moja, tuseme "Chokoleti", likitawala wiki sita. Chokoleti ni mada halisi ya IPC kwa watoto wa miaka 7 hadi 9, nami nitaitumia kama mfano kwa sababu Uganda ni nchi ya kakao: wilaya ya Bundibugyo, chini ya milima ya Rwenzori upande wa mpaka wa Congo, inajulikana kwa zao hilo.

Mada huanza na tukio la kuwaamsha watoto. Mwalimu aliyejiandaa huleta tunda zima la kakao, hulipasua mbele yao, na watoto huonja utando mweupe unaozifunika mbegu. Ni mtamu, una ukali kidogo wa tunda, wala haufanani kabisa na chokoleti. Kisha wanatafuna mbegu yenyewe na darasa zima linakunja uso. Baada ya hapo mwalimu huwauliza wanachokijua tayari na kukiandika, ili asiwafundishe wasichokihitaji. Ndipo utafiti unapoanza. Katika jiografia wanatafuta kwenye ramani nchi zinazolima kakao na kugundua kwamba zote zimeukumbatia mstari wa ikweta. Katika historia wanawasoma Wamaya na Waazteki, waliokunywa kakao kabla ya mzungu yeyote kuionja na waliotumia mbegu zake kama fedha. Katika sayansi wanayeyusha chokoleti na kuigandisha tena, wakipima joto na muda. Na katika ubunifu wanatengeneza kifungashio. Mwisho wazazi hualikwa kuona.

Ukialikwa, nenda, lakini usiishie kusifu kifungashio. Muulize mtoto kwa nini mbegu hurundikwa na kuchachushwa siku kadhaa kabla ya kuanikwa juani, na kwa nini mkulima wa Bundibugyo hapati sehemu kubwa ya bei ya pakiti inayouzwa dukani. Mada nzuri humwacha mtoto na jibu, au walau na swali la maana. Mada mbaya humwacha na gundi mikononi. Tofauti hiyo haiko kwenye mtaala bali kwa mwalimu, na ndiyo sababu shule mbili zenye mtaala mmoja zinaweza kutoa watoto wasiofanana kabisa.

Wazazi wanaodhani kwamba kufundisha kwa mada ni anasa ya shule za dola wakumbuke kwamba mtaala wa serikali ya Uganda wenyewe, kuanzia P.1 hadi P.3, umefuata mada tangu mwaka 2007.

Sayansi nje ya mada hizo hujengwa juu ya jambo moja ambalo utaliona kwenye daftari lolote lililo hai: kubadilisha kitu kimoja na kuviacha vingine vilevile. Maharage mawili kwenye pamba yenye maji sawa, moja dirishani na moja kabatini. Uliza mtoto alibadilisha nini na aliacha nini. Hapo hapo ndipo unapoweza kupima kama mwalimu anafikiri au ananakili. Mtaala wa Uingereza unamtaka mtoto wa Year 1 aangalie majira manne ya mwaka na namna urefu wa mchana unavyobadilika. Kampala haina majira manne, na jua huchomoza mwaka mzima kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja hivi. Mwalimu anayenakili huwapa watoto picha za theluji wapake rangi. Mwalimu anayefikiri huwatengenezea kipimo cha mvua kwa chupa iliyokatwa, wakarekodi mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba, halafu huwauliza kwa nini sisi, tuliokaa kwenye ikweta, mchana wetu haurefuki wala haufupiki kama wa London. Ziara ya Kayabwe, kwenye barabara ya Masaka, pale mstari wa ikweta ulipowekewa alama, huwa na maana baada ya swali hilo.

Historia nayo ichunguzwe kwa jicho hilohilo. Moto mkubwa wa London wa mwaka 1666 hufundishwa sana katika madarasa ya mwanzo, na si kosa mtoto kuujua. Ila makaburi ya wafalme wa Buganda pale Kasubi nayo yaliungua, mwaka 2010, na yako umbali wa safari fupi kutoka darasani. Kompyuta, muziki na michezo nitavipita. Kwa kawaida shule hizi huvifanya vizuri, na mtoto mwenyewe atakusimulia bila kuulizwa.

Ripoti isiyo na nafasi

Badala ya alama na nafasi, ripoti nyingi hutumia ngazi tatu. Zile za IPC huzungumzia anayeanza, anayeendelea kukua, na aliyebobea. Zinazofuata Uingereza husema kama mtoto yuko chini ya kiwango cha umri wake, amekifikia, au amekipita. Tafuta neno "kiwango cha umri" na uulize kiwango hicho kimeandikwa wapi. Usiulize "anaendeleaje?", kwa maana utaambiwa anaendelea vizuri. Uliza: ni jambo gani katika hesabu ambalo wenzake wa umri huu wanaliweza na yeye bado, na mmepanga kulifanyia nini, hadi lini?

Kuhusu sifa za tabia, kama zile 10 za IB zinazomtaka mtoto awe mdadisi, mwenye kujali, mwenye kuthubutu na kadhalika, msimamo wangu ni wa katikati. Ni mambo mema, na shule inayoyachukulia kwa uzito utaiona uwanjani wakati wa mapumziko kuliko kwenye ripoti. Lakini hayawezi kufidia aya isiyoandikika.

Mlango wa PLE, na Kiswahili

Kabla mtoto hajapita Year 4, amueni nyumbani kama huenda atarudi kwenye mfumo wa Uganda. Mtihani wa PLE, ule wa kumaliza shule ya msingi unaosimamiwa na UNEB, baraza la mitihani la Uganda, una masomo manne: Kiingereza, hesabu, sayansi, na maarifa ya jamii yanayobeba pia elimu ya dini. Jumla bora kabisa ni 4, na daraja la kwanza huishia 12. Mtoto wa kimataifa anaweza kuwa hodari wa Kiingereza na hesabu na bado akaanguka kwenye maarifa ya jamii, kwa sababu hajawahi kutajiwa wilaya, maziwa na milima ya Uganda kwa mpangilio unaotakiwa na mtihani ule, wala hajazoea kujibu maswali mengi mafupi kwa kasi. Kumhamisha P.7 ni kumtesa. Anayehamishwa mapema, P.4 au P.5, hupata muda wa kuzoea, na siku ya kuhama usibebe ripoti peke yake: beba madaftari ya mwaka mzima, maana mwalimu wa shule mpya hataielewa ile ripoti ila kazi ya mkono wa mtoto ataielewa.

Kama hakuna mpango wa kurudi, basi mtoto huendelea Year 7 bila PLE. Shule itakayompokea ni lazima iwe ya mfumo huohuo, na karo yake ijulikane mapema.

Swali la Kiswahili huulizwa mara chache mno, hata na sisi tunaokizungumza. Katiba ya Uganda ilikitambua kama lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha kitumike na kufundishwa, lakini katika shule nyingi za kimataifa nafasi ya lugha ya kigeni huchukuliwa na Kifaransa. Uliza kama kinafundishwa, kwa vipindi vingapi kwa wiki, na kwa watoto wanaokijua au kwa wageni. Mtoto wa nyumba ya Waswahili aliyepangwa darasa la kuimba "jambo, habari gani" mwaka wa tatu mfululizo hujifunza kwamba lugha ya kwao ni ya kuimba tu.

Nyumbani, mwache akueleze mada ya wiki kwa Kiswahili. Atakwama, kwa kuwa maneno ameyapata kwa Kiingereza, nawe mpe yanayokosekana: utando, kuchachusha, kuanika, kuyeyuka, kuganda. Kisha apigiwe bibi simu, amweleze yeye kakao inavyogeuka kuwa chokoleti tangu inapovunwa. Bibi atauliza maswali ambayo mwalimu hakuyafikiria, na kwa namna mtoto anavyojibu utajua alichojifunza wiki hiyo.